Jibu Kabla ya Vienna

Jumapili, 10 Septemba

Passau. Treni imechelewa dakika arobaini, na Gernot amewaomba radhi abiria wote wa behewa, utadhani yeye ndiye dereva. Baiskeli zimefika salama. Yangu ya betri, yake ya miguu tu. Ana miaka sabini na moja na anasema betri ni za wazee!

Tumekula supu ukingoni mwa mto. Danube imejaa, ya kijani, haina haraka na mtu. Gernot akaweka kijiko pembeni ya sahani, akakohoa mara mbili. Nikajua. Gernot akikohoa hivyo, ama amevunja kitu, ama anataka kitu.

Anataka nihamie kwake. Oktoba, kabla baridi haijaanza. Amesema bomba la moshi ameshalisafisha.

Ndiyo posa yenyewe hiyo! Lakini mwanaume aliyejenga majiko ya vigae miaka arobaini na tano, ya kupasha nyumba za watu joto, atakuambiaje anakupenda? Atakuambia bomba la moshi ni safi. Sikucheka. Kwa kweli nilitaka kulia. Nikamwambia nipe muda, nitakujibu kabla hatujaingia Vienna. Akasema sawa, kilomita mia tatu zinatosha kufikiri. Kisha akamaliza supu yake, na yangu.

Kuna jambo sijamwambia. Miaka mitatu tunaimba naye kwaya ya parokia, mwaka mmoja na nusu ananipikia kila Jumatano, na bado sijamwambia. Kesho.


Jumatatu, 11 Septemba

Sijamwambia.

Njia ni tambarare, mto mkono wa kulia, msitu mkono wa kushoto. Gernot anamsalimia kila mtu. Anasalimia wapanda baiskeli, wavuvi, mbwa. Leo kamsalimia korongo aliyesimama majini kwa mguu mmoja. Korongo hakuitikia na Gernot akasema huyo lazima ametoka Vienna, watu wa kule ndivyo walivyo.

Tumelala Schlögen, pale mto unapojikunja na kurudi ulikotoka. Mwenye nyumba ya wageni alitupokea kwa mikono miwili: "Karibuni, Bwana na Bibi Pichler!" Nikarukia: "Mimi ni Wimberger." Mama wa watu akautazama ufunguo mmoja mkononi, akatutazama sisi. Gernot akauchukua huku anacheka. "Bado ananichunguza, mama. Kipindi cha majaribio."

Nilicheka na mimi, ila kidogo.

Niandike basi hapa, angalau daftari lijue. Alois alipofariki, miaka sita iliyopita, tulimzika kijijini kwao, Oberleiten, huku huku kando ya mto. Jiwe la marumaru nyeupe. Siku ya kuchonga, wifi yangu Hermine akasema, fundi yupo, patasi anayo mkononi, kwa nini arudi mara ya pili? Nikaitikia kwa kichwa. Siku ile ungeniambia niitikie chochote ningeitikia. Basi chini ya jina la Alois limechongwa langu, kwa herufi za dhahabu. Edeltraud Wimberger, mwaka wa kuzaliwa, halafu nafasi ya mwaka wa kufa.

Si ajabu kwetu. Wajane wangapi kwetu kila Jumamosi wanabeba kopo la maji na kumwagilia maua ya kaburi lenye majina yao wenyewe! Mimi pia nimejimwagilia miaka sita, sikuona neno. Naliona sasa. Nitahamiaje kwa mtu nikiwa nimekwisha kuandikishwa mahali pengine?

Na tunapita Oberleiten Alhamisi. Nimepanga tupite moja kwa moja.


Jumanne, 12 Septemba

Mvua. Mvua. Mvua. Gernot anasema mto nao unahitaji kunywa. Nguo za ndani zimelowa. Tumelala Ottensheim, viatu vimejazwa magazeti.

Sijamwambia.


Jumatano, 13 Septemba

Jua limetoka. Tumeipita Linz bila kusimama, malori mengi, ila Gernot alisimama darajani kunionyesha nyumba tatu ambazo majiko yake aliyajenga yeye. "Lile la kati linavuta moshi vibaya," akasema, "lakini ni kosa la mwenye nyumba."

Kabla ya Mauthausen nikapata pancha ya gurudumu la nyuma. Baiskeli ya betri ni nzito kama ng'ombe. Gernot aliipindua, akatoa mpira, akauzungusha polepole karibu na shavu lake kuutafuta upepo unakotokea. Macho kayafumba. Nilimtazama shavu lile na mvi zile za ndevu, nikajisemea, Traudi, wewe mwanamke, unangoja nini? Mke wake alimwacha zamani, akaenda Graz na mwalimu wa tenisi, na huyu mtu hajawahi kumsema vibaya mbele yangu hata siku moja.

Nikafungua mdomo nimwambie lile la jiwe. Simu ikalia! Binti yangu. Amezungumza na shangazi yake Hermine, na ulimi umemteleza. Sasa Hermine anajua tuko njiani, anajua tuko wawili, na amesema: kama Traudi atapita kwetu kama mtalii, asipeleke tena maua kaburini.

Basi kesho tunalala kwa Hermine. Gernot amefurahi kama mtoto. Anauliza achukue zawadi gani.


Alhamisi, 14 Septemba

Siku ndefu, mpaka betri ikabaki na mstari mmoja. Gernot akashika kiti changu kwa nyuma na kunisukuma kilima cha mwisho, yeye asiye na betri! Tukaingia Oberleiten tunahema wote wawili, na Hermine amesimama mlangoni na aproni, mikono kiunoni.

"Huyu ndiye wa kwaya?"

"Ndiye, wifi."

"Anaimba sauti gani?"

"Ya chini kabisa," akajibu Gernot mwenyewe. "Haimsumbui mtu."

Hermine akamtazama kuanzia viatu hadi kofia. Ana miaka themanini na mbili, hakuolewa, kaka yake alikuwa mmoja tu. Namwelewa. Nilijua pia kwamba chumba cha juu kitakuwa changu na Gernot atalazwa chumba cha cherehani, kwenye kochi fupi. Ikawa hivyo hivyo. Alipoletewa blanketi alishukuru kama amepewa kasri.

Matonge ya viazi, plamu ndani, yamenyunyiziwa sukari na chenga za mkate zilizokaangwa kwa siagi. Gernot alikula tisa. Hapo Hermine akalegea kidogo. Alois hakuwahi kufika tisa.

Kisha mazungumzo yakaenda makaburini, kama yanavyokwenda siku zote nyumba hii. Hermine akalalamika. Magoti hayapigiki tena. Maji ya hapa yana chokaa, kila ukimwagilia maua jiwe linachukua ukungu mweupe kwa chini. Mama fulani, mwenye kaburi jirani na la Alois, amesema, kwa sauti, baada ya misa, kwamba akina Wimberger siku hizi wanamwacha marehemu wao achafuke. "Achafuke! Nilitamani ardhi inimeze!" Kesho, akasema, twende mimi na wewe, wifi, tumsafishe kaka.

Gernot alikuwa anasikiliza, uma hewani. Akauliza ukungu huo ni wa namna gani, mkavu au wa kunata. Hermine akamweleza. Gernot akatikisa kichwa kama daktari.

Nilimsindikiza hadi mlango wa chumba cha cherehani. Nikamshika mkono. Nikasema, Gernot, kuhusu lile kaburi. Akaniwahi: "Najua. Kesho nitabaki hapa, nitawaachia nafasi. Mtu hawezi kuwa na wivu na marehemu." Akanibusu kwenye paji la uso. Nami nikamtakia usiku mwema tu! Miaka sitini na saba na ulimi umenikauka kama wa mwanafunzi.

Kesho asubuhi na mapema, kabla ya kahawa. Naapa.


Ijumaa, 15 Septemba

Niandike taratibu.

Nilishuka saa moja. Hermine anachuja kahawa, amekwisha kuvaa koti lake la makaburini. Chumba cha cherehani kitupu, blanketi limekunjwa kijeshi. Baiskeli ya Gernot ipo uani. Gernot hayupo.

"Na siki yangu?" akauliza Hermine, amefungua kabati. "Chupa nzima! Na burashi ya sakafu?" Akajijibu mwenyewe, labda anasafisha mnyororo wa baiskeli.

Mimi nilikuwa nimeshatoka nje. Nilikimbia! Kwa viatu vya ndani, barabara ya kijiji, mbele ya duka la mikate na foleni yake yote.

Alikuwa amepiga magoti juu ya gazeti, mikono ya shati imekunjwa. Magugu ameng'oa. Maua amemwagilia. Mshumaa mpya ndani ya taa nyekundu. Aliponiona akasimama kwa shida na uso wake, Mungu wangu, ule uso! Wa mtu aliyemaliza kazi nzuri.

"Mambo ya magoti ya Hermine yamekwisha," akasema.

Jiwe lilikuwa bado bichi na kwa mbali liling'aa kweli. Kisha jua likalikausha. Tukaliona linavyobadilika, sisi wawili tumesimama. Mabaka meupe, yamefifia, kama meza iliyowekewa sufuria ya moto. Dhahabu ya herufi imeliwa. Jina la Alois linasomeka kwa tabu. Langu, ukitaka kulisoma, lazima upitishe kidole.

Hermine akafika, anahema.

"Siki! Juu ya marumaru! Wewe si fundi wewe?"

"Fundi wa vigae," akasema Gernot kwa sauti ndogo. "Miaka yote chokaa naitoa kwa siki. Kigae hakidhuriki."

"Hiki si kigae, ni kaka yangu!"

Gernot akavua kofia. Sijui kwa nini, lakini kuona kile kichwa chenye upara kwenye baridi ya asubuhi ndiko kulikonimaliza.

"Na umemfuta nani?" Hermine hakuwa amemaliza. "Angalia vizuri umemfuta nani! Ndicho ulichofuata hapa!"

Sikumtetea. Nakiri hapa, kwa kuwa hakuna anayesoma: nilipouona mstari wangu umefutika, nilipumua. Mwili mzima ukawa mwepesi, kama mtu aliyevua mkoba mgongoni. Kisha nikaona haya mbele ya Alois, aliyeniita bosi miaka thelathini na nane na hakunikosea. Na nikaona haya kwa Gernot, aliyesimama na burashi akidhani ndiye mkosaji peke yake.

Nilimkuta baadaye penye bomba la maji la makaburini, kwenye yale makopo ya kumwagilia, anaosha burashi ambayo ilikuwa safi tayari. Nikasema ningekuambia. Jumapili, Jumatatu, kila siku ningekuambia.

Hakugeuka. "Nilianzia juu," akasema. "Nilipofika chini nikaliona jina lako. Nikakaa chini kidogo. Nilidhani moyo umesimama, Traudi. Halafu nikasema, si ni jina lako? Nikalisugua mara mbili. Nilitaka ling'ae kuliko jiwe lote."

Basi. Ndiyo maana langu limeharibika zaidi.

Nikamnyang'anya burashi nikampiga nayo begani. Halafu nikaegemea bega lile lile na kulia. Wamama wawili na makopo yao walisimama wakitutazama bila hata kujificha. Nikawaambia habari za asubuhi.

Hermine amempigia fundi wa mawe, Bwana Zehetner wa kijiji cha pili, aje aangalie leo leo. Tumeondoka saa sita. Hermine kanikumbatia mimi, lakini Gernot hakumpa mkono. Gernot akasema mwenyewe, njiani, baada ya kilomita nyingi: "Nimelikoroga." Nikamwambia tutalinywa wote. Hakucheka.

Melk sasa. Nimefungua mkoba nikakuta mkate wa plamu, vipande viwili, kila kimoja na karatasi yake. Juu ya kimoja Hermine ameandika kwa kalamu: Wa Siki. Gernot ameisoma karatasi ile mara tatu, akaikunja na kuiweka mfukoni. Mkate wake ni mkubwa kuliko wangu.


Jumamosi, 16 Septemba

Saa tano na nusu. Tuko Arnsdorf, kwenye benchi, tunangoja kivuko cha kwenda Spitz. Mashamba ya mizabibu pande zote mbili, watu wameanza kuchuma. Niandike haraka.

Simu imelia robo saa iliyopita. Bwana Zehetner.

"Bibi Wimberger, nimeliona jiwe. Nani huyo adui yako?"

"Si adui."

"Basi ni rafiki wa hatari." Akacheka, halafu akaingia kazini. Kung'arisha tu hakutasaidia. Itabidi auchukue uso wote, milimita mbili tatu, na herufi hazina kina, zitaondoka zote. Atachonga upya. Nimsomee maneno.

Nikamsomea. Alois Wimberger, mwaka wa kuzaliwa na mwaka wa kufa. Sauti haikutetemeka.

"Na mstari wa chini? Niurudishe ulivyokuwa? Ukitaka niuache wazi, nauacha wazi, jiwe halinung'uniki. Wifi yako anataka mstari urudi, na dhahabu mpya. Lakini kaburi liko kwa jina lako, kwa hiyo nakuuliza wewe. Nafunga saa sita, na Jumatatu naanza."

Nikamwambia anipe nusu saa.

Nikamweleza Gernot yote. Alikuwa anamenya tufaha. Hakunyamaza hata sekunde moja.

"Arudishe."

"Unasema?"

"Arudishe lilivyokuwa. Na dhahabu. Nimeliharibu mimi, lirudi."

Nikapandwa na hasira, sijui ilitoka wapi! Mtu ninayempenda ananirudisha kwa mume wangu kwa adabu zote, na kisu cha tufaha mkononi! Nikamwambia Gernot Pichler, unajua unachokisema? Mtu anataka nikaishi kwake, na huku anataka nikalale kule?

Akaweka tufaha juu ya karatasi. Akafikiri. Yule mtu akifikiri unaona kabisa.

"Kule ni baadaye," akasema. "Mtalala mnavyotaka, sina neno. Mimi naomba kabla."

Halafu akainuka, akaenda kwenye baiskeli. Amenipa mgongo. Anakagua breki zangu, na breki hizo alizikagua saa mbili asubuhi.

Saa tano na dakika arobaini na tano. Kuhusu jiwe bado sijui. Kweli sijui. Alois nilimpenda, na pale kando yake ni pazuri, mto unasikika. Hermine ana miaka themanini na mbili na anataka jambo moja tu. Na ule wepesi wa jana asubuhi nao ulikuwa wa kweli, sitaudanganya.

Kivuko kimeng'oka ng'ambo. Kile hakina injini, kimefungwa kwenye waya, mkondo wenyewe ndio unaokisukuma, kinakuja kimya kimya. Nimemwita Gernot. Nimemwuliza mlango wa sebule yake una upana gani.

"Wa nini?" kauliza, bila kugeuka.

Nimemwambia nataka kujua kama kinanda changu kitapita.

Hajageuka. Ameshika usukani wa baiskeli yangu kwa mikono miwili na mabega yanatikisika. Sasa anapima hewa kwa mikono, upana wa mlango, anapunguza, anaongeza. Anasema kwa sauti ambayo haitoki vizuri kwamba fremu atang'oa, ukuta atabomoa, kinanda kitapita. Mwenye kivuko anapiga kelele tunapanda au hatupandi, na simu inalia mapajani, ni Zehetner, kabla hata ya saa sita —